Video Isiyokwisha ya Mama Keki

Mama Keki alifuta kazi yake kwa mara ya nane, akasogeza kiti mbele ya kompyuta, akampungia mkono mchora mabango wa ng'ambo ya barabara. "Fundi, njoo! Leo zamu yako."

Mtaa mzima ulishamchoka. Miezi minne tangu mdogo wake agongwe na kuuawa na gari lisilojulikana, na yeye bado anang'ang'ana na kile chombo cha mtandaoni cha kutengeneza video za katuni. Anaweka barabara, anaweka mtu, kisha anafuta na kuanza upya na jirani mwingine. Muuza dawa alishakaa kwenye kile kiti, fundi viatu alishakaa, dada wa saluni, hata mwenye nyumba. Wakitoka pale wanatikisa vichwa: maskini, akili zimeanza kumruka.

Wacha waseme. Yeye hakutaka pole ya mtu. Alimtaka mtu mmoja tu, yule aliyemgonga mdogo wake akakanyaga mafuta na kwenda zake. Alitaka kumwona anaumbuka mchana kweupe, mbele ya watu anaowasalimia kila siku. Polisi walishafunga jalada. Hakuna shahidi, walisema. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, na ile njia ya nyuma alikogongwa saa hizo haina hata paka. Walichookota ni boksi la keki lililopondeka na ndala moja. Basi.

Mchora mabango aliingia akijifuta rangi vidoleni, jasho linamtiririka. Siku hizi alikuwa anatembea kwa miguu. Gari lake aliliuza, akasema daktari kamwambia apunguze kitambi, na mtaa haukuacha kumtania.

"Kitambi kinakwenda?" Mama Keki alimuuliza.

"Kinakwenda, ila chenyewe hakina haraka." Alicheka, akaketi, akakiona kitaa kidogo cha kamera kinachowaka juu ya kioo. "Na hiki je?"

"Kinarekodi somo. Mimi ni mzito wa kushika mambo, nikisahau narudia kutazama."

Akaanza. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa jirani yeyote aliyemtangulia. Barabara ikatokea, ukuta ukatokea, mwanamke akatokea.

"Mnene kidogo?"

"Mwembamba. Si unamjua?"

"Namjua," alisema, na sauti ikashuka. "Mungu amrehemu."

Mama Keki alifuta mikono kwenye aproni. "Mpe boksi la keki," alisema. "Na mwavuli."

Hilo halikuhitaji maelezo. Keki ya krimu haitoki dukani kwake juani bila kufunikwa na mwavuli. Hiyo ndiyo sheria ya duka, na kila mtu pale mtaani aliijua. Maandishi yaliyoko kwenye mwavuli wa duka aliyachora huyuhuyu fundi kwa mkono wake.

Chombo kilimletea mwavuli mweupe, na pembeni rangi za kuchagua.

"Ngoja nikuchagulie," Mama Keki alisema.

"Aka! Rangi ndiyo kazi yangu, hapa usinifundishe."

Alipita kwenye nyekundu, akapita kwenye buluu, akasimama kwenye njano. Hakuridhika. Aliipunguza ukali mpaka ikawa njano ya limau, kisha akatia ukingo mweupe kuuzunguka mwavuli wote. Hakuuliza kitu. Alikuwa amezama kwenye kazi, ulimi umemtoka kidogo mdomoni.

"Hapo!" alisema. "Umependeza."

"Umependeza sana, fundi." Akamwonyesha barabara tupu kwenye kioo. "Na gari?"

Mkono wa mchora mabango ulisimama. "Gari utaweka wewe. Mimi hata sijui lilikuwa gari gani."

"Hamna shida. Umeshanimalizia kazi."

"Basi hii usiifute tena, dada. Utajiumiza bure."

"Hii siifuti."

Alimfungia kipande kikubwa cha keki, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru kwa mikono miwili. Kisha akarudi kwenye kompyuta akakata hapa na kuunga pale. Kabla ya alasiri video ilikuwa tayari. Akaituma kwenye kundi la mtaa, lenye majirani wote, na yule mpelelezi wa jalada la mdogo wake, aliyemwingiza humo jana. Halafu akaenda kusimama dirishani. Ng'ambo ya barabara mchora mabango alikuwa juu ya ngazi. Simu ililia, akaitoa mfukoni, akaifungua akitabasamu, tayari kuiona kazi yake.

Ndani ya video hamkuwa na barabara wala katuni. Mlikuwa na kile kiti tu. Muuza dawa amekikalia, anachagua mwavuli wa buluu. Fundi viatu, buluu. Dada wa saluni, buluu. Mwenye nyumba, buluu. Wote wanane, buluu ileile ya mwavuli wa duka. Kisha yeye, ulimi nje, anatia ukingo mweupe.

Mwishoni kikaja kipande ambacho Mama Keki alijirekodi kabla hajamwita jirani wa kwanza. Ameshika mwavuli wa buluu uliovunjika waya.

"Huu uliharibika asubuhi ileile," anasema. "Nikatoka kumnunulia mdogo wangu mwavuli mwingine, nikauleta ukiwa ndani ya mfuko wangu, akaufungulia kwenye ile njia ya nyuma: wa njano ya limau, ukingo mweupe. Haukuokotwa barabarani. Hapa mtaani, zaidi yetu sisi wawili, aliyewahi kuuona ni yule aliyeondoka nao umenasa chini ya gari lake."