Kufuli la Kijani

Kwenye mnyororo wa vali ya maji lilibaki kufuli moja tu, la kijani, na fundi mkuu alilitambua mara moja. Lilikuwa la binti yake.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Mafundi waliokuwa kivulini wakifungua vyombo vyao vya chakula walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Chini ya miguu yao kulikuwa na tangi lenye vyumba na mapito kama shule nzima iliyofukiwa. Maji taka ya mji, yakishasafishwa, yangepita humo kwenda kupooza maelfu ya kompyuta zilizopangwa ghorofani. Wenye mradi walijigamba kwamba jumba lao litajibu maswali ya dunia nzima kwa nguvu ya jua, bila kugusa hata tone la maji ya kunywa. Lakini tangi likijaa, aliyemo ndani hana pa kushika.

Ndiyo maana kulikuwa na kanuni. Kila anayeshuka hufunga kufuli lake kwenye mnyororo wa vali na kuutia ufunguo mfukoni. Kila mtu ana rangi yake. Vali haifunguliwi mpaka kufuli la mwisho litoke. Walikuwa wameizoea mno kanuni hiyo, hata mtu akiulizwa fulani yuko wapi, hatafuti sura. Hutazama mnyororo.

"Nani amemwona leo?" fundi mkuu alipaza sauti.

"Si kufuli lake hilo hapo?" alijibu yule mrefu waliyemwita Kijiti. "Atakuwa chini. Huyo akianza kuchomelea, njaa haisikii."

"Na mume wake?"

Kijiti aliutupia mnyororo jicho. "Jekundu halipo. Mkwe wako keshatoka. Unamjua yule, kwa chakula hana subira."

Watu walicheka. Fundi mkuu hakucheka. Alipiga magoti kwenye mdomo wa tangi na kumwita binti yake kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia pale kazini. Jenereta zilinguruma nyuma yake na kuimeza sauti yote. Alisikiliza. Hakusikia lolote kutoka chini. Harufu ya rangi mpya ilimpanda kichwani. Mtu huweza kuzimia kwa harufu ile. Mtu huweza kulala humo bila mwenzake kujua.

"Shukeni wawili," alisema. "Anzeni vyumba vya karibu, mwende hadi vya mwisho."

Kijiti na mwenzake walivaa barakoa wakashuka.

Hapo ndipo mhandisi alipotokea mbio, shati limemganda mgongoni. Kompyuta za majaribio zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi, akasema, na joto lilikuwa linapanda. King'ora kilikuwa kimeanza kulia ghorofani.

"Nataka maji, fundi. Sasa hivi. Vitu vinaungua kule!"

"Mwanangu yumo."

"Una hakika?"

"Kufuli lake ndilo hilo. Unataka nimfungulie maji mwanangu?"

Mhandisi alirudi nyuma hatua moja. Naye alikuwa na watoto. Wakabaki wamesimama wawili, wakitazama shimo, na fundi mkuu aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Yeye ndiye aliyemfundisha yule binti kushika chombo cha kuchomelea. Mama yake alikuwa amekataa katakata, yeye akambembeleza.

Redio ya mkononi ilikoroma kiunoni mwake. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Mkuu, nasikia mnamtafuta binti yako? Mbona yuko hapa kwangu. Mzima kabisa, ana mtoto mgongoni. Anasema katoka zahanati."

Fundi mkuu aliishika redio kwa mikono miwili. "Rudia."

"Mzima, mkuu. Namruhusu aingie."

Alicheka, akalia, akacheka tena. Kumbe mtoto alikuwa anaumwa! Kumbe kamkimbiza zahanati na kusahau kufuli! Angemgombeza, ndiyo, lakini kesho. Aliinama kwenye mdomo wa tangi akapiga filimbi kwa nguvu zake zote. "Tokeni! Kapatikana! Tokeni!"

Kijiti na mwenzake walirudi wakihema. Walikuwa hawajafika hata nusu.

"Kata basi," alisema mhandisi.

"Bado." Fundi mkuu alinyanyua kidole. "Kufuli la mtu halikatwi mpaka umwone mwenyewe kwa macho."

Naye akamwona. Alikuja akikatiza uwanja mpana, kitenge mgongoni, akitembea bila haraka. Alimpungia mkono baba yake. Hakukuwa na shaka tena. Fundi mkuu alichukua mkasi wa kukatia chuma, akalikata kufuli la kijani, akauvuta mnyororo na kulizungusha gurudumu la vali kwa furaha mpaka likagota. Ardhi ilitetemeka. Maji yaliingia kwa kishindo.

Binti alisimama ghafla. Kisha akaanza kukimbia.

"Mtazameni," alisema fundi mkuu, akijifuta macho. "Anajua amekosea."

Binti alikuwa anapiga kelele, lakini jenereta zilimeza maneno yake. Baba yake alifungua mikono kumpokea. Binti alimpita. Alilirukia gurudumu akaanza kulivuta kurudi nyuma, akilia, viatu vikiteleza.

"Nilimpa langu, baba! Asubuhi nilimpa langu ashuke nalo!"

Mgongoni mwake, mjukuu alimtabasamia babu yake. Alikuwa anatafuna kufuli jekundu la baba yake.