Paa la Tantine Kanyere

Jumatatu paa la tantine Kanyere lilikuwa na urefu wa mtu mmoja. Kufika Alhamisi lilikuwa limeshazipita nguzo za simu, na Paluku bado alikuwa akianguka kutoka juu yake.

Angefanya nini? Hapa Bunia mgonjwa hana ruhusa ya kunyamaza. Kila anayekuja kumpa pole huweka kikapu chini, huvuta kiti, kisha huuliza, "Ilikuwa je?" Na mgonjwa lazima asimulie tangu mwanzo, hata kama jirani wa kitanda cha pili ameshaisikia habari hiyo mara ishirini. Basi Paluku, mguu wa kuume ndani ya plasta, alisimulia jinsi alivyopanda kugongomea misumari kwenye nyumba ya shangazi yake, na jinsi bati lilivyomponyoka. Na kwa kuwa hakuna msimulizi asiyetia chumvi, paa lilizidi kupanda.

Ukweli ulikuwa umelala kwenye bonde karibu na Bogoro, magurudumu juu.

Ulikuwa ni Peugeot yake kuukuu. Jumapili iliyopita madereva kumi na mmoja, wapenda mbio tu, walishindana kutoka Bunia kwenda Bogoro na kurudi, mshindi apate kreti moja ya bia na heshima ya kuinywa mbele ya wenzake. Kila mmoja alijiandikisha kwa jina la bandia na kujifunga kitambaa usoni. Ni kwa ajili ya vumbi, walisema. Kwa kweli ilikuwa kwa ajili ya wake zao, wakubwa wao wa kazi na mapadri. Paluku alikuwa Nyuki. Kwenye kilima cha mwisho alimpita Radi, yule wa Volkswagen ya kijivu, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwacha nyuma. Furaha ikamjaa Nyuki hata akasahau kwamba barabara ina kona. Peugeot ikapinduka mara tatu.

Uhai alibaki nao, na alimshukuru Mungu. Kilichomnyima usingizi kilikuwa Régine. Harusi yao ilibakiza wiki sita, na baba yake, muzee Edouard, katekista ambaye hata kola ya shati lake ilisimama wima, alikuwa ametamka mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Mutoto wangu sitamupa mutu wa kukimbiza motokari. Sitaki Régine akuwe mujane mbele ya kuwa mama."

Paluku alimpenda Régine mno, hata wauguzi walichoka kulisikia jina lake. Ndipo tantine Kanyere, aliyekuwa akimpikia na kumlinda pale hospitali, alipopata akili. "Paa ni yangu," alisema. "Nakuazimisha. Uanguke vile unapenda."

Jumamosi mchana, jirani wa kitanda cha pili akiwa nje anaota jua, muzee Edouard aliingia, kofia mkononi, kuku kwapani. Alikohoa kidogo. Tangu arudi kutoka kwenye mkutano wa makatekista huko Gety, alisema, vumbi lilikuwa halijamtoka kifuani.

"Pole, mutoto wangu. Ilikuwa je?"

Paluku alisimulia. Safari hii alilishusha paa kidogo, kwa heshima. Muzee alisikiliza amefumba macho, kama anayesikiliza usomaji wa Misa, na habari ilipokwisha akayafumbua.

"Na ile bati, juu ya nini iliteleza?"

"Mvua, Papa."

"Jumapili, siku ya Mungu, mvua haikunyesha."

"Ilikuwa umande," tantine Kanyere alidakia.

"Umande ya saa tisa ya mchana?" Muzee akamgeukia tena Paluku. "Fungua shati."

Paluku alifungua vifungo kimoja kimoja, akiomba viongezeke. Kifuani palikuwa na alama ya kuvilia damu, imepinda vizuri kabisa, nusu duara, upana wa usukani wa Peugeot.

"Bati ya duara," muzee alisema. "Hii sijapata kuiona."

Tantine Kanyere alikumbuka ghafla kwamba kuku hawezi kukaa mahali pa wagonjwa. Akamnyakua na kutoka naye mbio, akimwacha mpwa wake na mkwewe wanatazamana.

Njia ya mwongo fupi, nayo ya Paluku ilikuwa imefika ukutani. Alimwona Régine akimtoka mikononi, na uchungu ukampanda kuliko ule wa mguu.

"Papa, nilikudanganya. Sikuanguka ju ya nyumba. Nilikuwa mu mashindano. Ule Nyuki, ni mimi. Kama unaninyima Régine, iko haki yako. Lakini sitaki umupe mutu mwenye kukuficha mambo. Ndiyo maana nasema."

Muzee Edouard aliinuka taratibu, akaenda mlangoni, akatazama varanda huku na huku, akafunga mlango na kuujaribu kama umefungika. Kisha akarudi, akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Paluku alifumba macho kuingojea hukumu yake.

"Régine na mama yake wasisikie hata neno moja," muzee alinong'ona. "Sasa unielezee pole pole, mutoto wangu, bila kuruka kitu. Pale ku kilima, ulinipita namna gani?"