Kofia Isiyopata Kichwa Kingine

Meli ilikuwa imeshindiliwa magunia mpaka mstari wa usalama ubavuni ukazama majini, na Nahodha Mwatime alikataa katakata kung'oa nanga. Mkurugenzi wa kampuni akamvua kofia mbele ya mabaharia wote, akamkabidhi Kombo, nahodha msaidizi.

"Haya, kuanzia sasa chombo ni chako."

Kombo akaipokea kwa mikono miwili, akampa fundi mitambo. Fundi akampa mpishi. Ikapita kwa kila baharia, pasipo hata mmoja kuivaa, mpaka ikarudi kichwani kwa Mwatime, ina joto la viganja vyao.

"Maji hayajui cheo, bosi," alisema taratibu. "Tupunguze mzigo."

Mkurugenzi akawatazama mmoja mmoja. Kisha akavua koti, akainamia gunia la kwanza.