Alama Zimeoana

Faili la programu lililokuwa kwenye seva ya kampuni lilikuwa la mwizi, na tangu juzi maduka ya dawa yalikuwa yakilipakua bila mtu hata mmoja kushtuka.

"Haiwezekani," meneja alisema huku akipangusa jasho puani. "Wateja wamelinganisha alama. Zimeoana!"

"Zimeoana na nini?" mhandisi wa seva aliuliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

Kila faili lilikuwa na alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ukiligusa faili hata kidogo, alama inageuka nyingine kabisa. Mteja akishapakua programu, kompyuta yake humtolea alama ya kile alichopata, naye huilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, ndani ya seva hiyohiyo.

"Bosi, aliyeingia akabadilisha faili, si ameshaingia? Kabadilisha hata alama ya ukurasani. Wateja wamemuuliza mwizi kama ni mwizi, naye kawajibu kistaarabu kwamba hapana."

Meneja alijitupa kitini. "Wewe ungekuwa polisi. Namwonea huruma mumeo."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mhandisi hakucheka. Wivu wake ulijulikana mpaka kwa walinzi wa getini, na hakuuonea aibu. Alikuwa ameolewa na fundi vigae, mwanamume mpana wa mabega, mwenye tabasamu linalochelewa kuondoka usoni. Fundi vigae huingia majumbani mwa watu. Hupiga magoti sebuleni, bafuni, hata vyumbani. Na wenye nyumba waliompa kazi mumewe, balaa iliyoje, wengi walikuwa wanawake.

Sasa mumewe alikuwa mji mwingine, nyumbani kwa mama mmoja ambaye mhandisi hakuwahi kumwona ila alikwisha kumchukia na kumpa jina: Mama Vigae. Wiki iliyopita mumewe alimtumia picha ya bafu alilolimaliza. Vigae vyeupe, bomba linang'aa, na pembeni kabisa, vidole vya mguu wa kike vilivyopakwa rangi nyekundu. Aliikuza picha hiyo mpaka ikavunjikavunjika kuwa miraba mitupu. Vidole havikumwambia kitu.

Mchana huo alimpigia mumewe. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kimya. Damu ikaanza kumchemka. Seva iliyovunjwa ikawa si kitu tena. Aliona bafu tu, na zile kucha.

Akafanya kile alichokifanya kila roho ilipompanda: alimpigia wifi yake.

Wifi huyu alikuwa binti wa baba mdogo wa mumewe, na mumewe alifikia kwake kila alipokwenda kufanya kazi mji ule. Hawakuwahi kuonana. Siku ya harusi wifi aliumwa, na kwa upande wa baba mkwe, aliyefariki zamani, mhandisi hakumjua mtu mwingine yeyote. Lakini tangu mumewe ampe namba ile, walikuwa wakiongea kama waliozaliwa tumbo moja.

"Wifi yangu! Mbona leo unahema kama umekimbizwa? Nani tena?"

"Kaka yako hapokei simu."

"Simu yake hii hapa inachaji, nayo iko kimya. Mwenyewe kaja kula, kashiba, kajitupa kitandani. Nimwamshe?"

"Mwache. Wifi, na huyo Mama Vigae?"

Kicheko cha wifi kilimfanya asogeze simu mbali na sikio. "Yule? Bibi kizee, hana hata meno ya kuchekea!"

"Bibi kizee anapaka kucha rangi nyekundu? Mguu wake umo kwenye picha."

"Ha! Mguu wangu huo, wifi! Siku hiyo nilimpelekea chakula kaka. Ungeniuliza mapema usingejitesa hivyo."

Mhandisi alijiziba mdomo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe siku zote hizo alikuwa akivionea wivu vidole vya wifi yake!

"Niapie kwamba hana mtu huko."

"Haki ya Mungu, wifi. Akitoka kazini anaingia hapa, akitoka hapa anaingia kazini. Mwanamke mwingine akimsogelea, atanitambua mimi ni nani."

Moyo ukatulia tuli. Alirudi kwenye seva na mikono miepesi. Akaliondoa faili la mwizi, akafunga upenyo aliopitia, akaweka faili safi. Kisha akayapigia simu maduka yote, akawasomea alama mpya, herufi kwa herufi. Meneja alimsikiliza akiimba baina ya simu moja na nyingine, akatikisa kichwa.

Jioni, shemeji yake, mdogo wake mumewe, alipita ofisini kumsalimia. Alikuwa dereva wa lori, na kesho yake alikuwa na mzigo wa kupeleka mji uleule.

"Usiondoke, shem," mhandisi alisema, akakimbilia dukani ng'ambo ya barabara. Alirudi na mashuka mapya ndani ya mfuko, mazito, yenye maua pembeni.

"Haya mpelekee wifi yangu. Mwambie nimemshukuru sana, kwa kunitunzia mume."

"Wifi yako yupi?"

"Usijifanye umesahau ndugu zako! Dada yenu, binti wa baba yenu mdogo."

Shemeji aliugeuza mfuko mikononi, akautazama, kisha akamtazama yeye.

"Shemeji," alisema polepole, "baba yetu alizaliwa peke yake."