Zisipite Mkononi

Karani wa benki alizisukuma noti chini ya kioo. "Chukua, dada. Benki yako mpya iko hapo ng'ambo tu, utazipeleka mwenyewe."

Mteja wake, Sikudhani, akaficha mikono ndani ya khanga. "Akiba hii ya uzeeni haikatwi kodi ikibaki benki. Nikiipokea mkononi, msamaha umekwisha. Nimeomba ihamishwe benki kwa benki."

"Itachukua wiki kadhaa."

"Nitangoja."

Shemeji yake Kibwana, aliyemfuata na mkoba mtupu bila kuitwa, akacheka. "Shemeji, unaogopa pesa zako? Nipe mimi nivuke nazo."

"Ukivuka nazo wewe, zitafika mpaka wa nchi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kibwana akakunja uso. "Marehemu kaka angekuwepo, usingenijibu hivyo."

"Angekuwepo, usingekuja na mkoba."

Meneja akatoka ofisini. "Mama, chukua pesa zako usogee. Watu wanangoja."

Sikudhani hakusogea. Alivua viatu, akakaa sakafuni palepale mbele ya dirisha, mikono ingali ndani ya khanga.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimtazama meneja kwa muda. Kisha akainama, taratibu, akaanza kuvua viatu vyake.