Mpishi wa Kidoti

Bi Zawena alikuwa amefunga, lakini aliichukua punje ya chakula cha paka, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi, kisha akatoka mlangoni akatema.

"Bibi, saumu yako!" muuza duka Mbaraka akashtuka.

"Mpishi huonja chumvi asimeze, mwanangu. Hii imezidi. Hebu nipe ya mfuko mwingine."

"Huu wenye picha ya paka mnene ndio unaopendwa."

"Picha hailiwi."

Paka wake, Kidoti, alikuwa anaumwa figo. Daktari wa mifugo alishamkanya Bi Zawena: dagaa wa chumvi basi, la sivyo atamzika. Tangu anyimwe dagaa, Kidoti hakutia kitu mdomoni. Bi Zawena akaonja na kutema, akaonja na kutema, hadi akatabasamu.

"Nipimie hiki. Kina samaki, hakina bahari."

Akajitwika mfuko mchana kweupe. Shoga yake Mwanakheri akamchokoza kutoka barazani:

"Makubwa! Paka wa sultani anakula biskuti!"

"Na mpishi wake ndiye mimi," akajibu, shingo imemnyooka.

Magharibi ilipoadhiniwa, alimmiminia Kidoti kwanza, ndipo akaishika tende yake na kusema bismillahi. Kidoti akanusa sahani, akageuza uso, kisha akarudi kunusa tena. Mwadhini alishamaliza, na tende ya Bi Zawena bado iko hewani, haijafika mdomoni.