Hodi Tatu Juani

Athumani alikuwa keshafika uchochoroni, amejifutika ndani ya kizibao cha kupoza mwili, anakwenda zake kucheza bao na wanaume wenzake waliovaa vya kwao. Kila nyumba ya mwambao ilipewa kizibao kimoja, na msimu wa joto mlango haukumfungukia kutoka nje mchana asiyekivaa. Mkewe, Mwanatumu, alibaki kumsemesha kwa simu, uso kwenye kioo cha dirisha.

"Mpitie mama kwanza. Hapokei simu tangu asubuhi, na feni yake naiona imesimama."

"Haya, haya."

Nyumba ya mama ilikuwa ng'ambo ya uchochoro. Mwanatumu alimwona bwana yule akisimama mlangoni kama mposaji, akapiga hodi, akakohoa, akapiga tena. Ya tatu ilipokosa jibu, akageuka.

"Sukuma mlango uingie!"

"Niingie kwa mkwe sijakaribishwa? Hodi tatu, mtu hurudi. Mimi nimelelewa."

"Umelelewa au umefugwa? Mtu anakufa humo, wewe wangoja akwambie karibu!"

"Punguza sauti, watu barazani watasikia," akasema, akakata simu. Mwanamume mzima, adabu zake zote zikaishia kizingitini.

Mama alikutwa magharibi, milango ilipofunguka, amekufa sakafuni karibu na mtungi. Akazikwa asubuhi yake. Msibani Athumani alisifiwa kwa heshima yake, na mwaka uliofuata wakamfanya mzee wa mtaa. Mwanatumu alidai talaka, akapewa, akahamia bara kwa kakake. Nyumba ya mama imepangishwa.